Dhamana ya gari lililotumika: Soma kwanza visivyomo

Magari mengi hapa Bujumbura yametumika kwanza Japani, yakaingia kwa bandari ya Dar es Salaam. Ndiyo maana usukani uko kulia, ingawa nasi tunaendesha kulia mwa barabara. Muuzaji mmoja ameniambia nikiongeza sehemu ya kumi ya bei, atanipa dhamana ya mwaka mzima. Kwa mshahara wa mwalimu, hilo si jambo dogo.

Nilisoma Katumba, Tanzania, nikiwa mtoto wa mkimbizi. Huko karatasi ilisomwa hadi mstari wa mwisho. Karatasi hii inataja injini na giaboksi tu. Breki, klachi, betri, shokapu na matairi, yaani vinavyochakaa upesi, havimo. Tena gari litengenezwe kwenye gereji yake peke yake.

Ndugu msomaji, uliza mambo matatu: nini hakimo, nani atalipa, na mwakani atapatikana wapi? Mimi nimeamua kumlipa fundi ninayemwamini alikague gari kabla sijatoa hata faranga moja. Fedha za dhamana nitaziweka akiba ya vipuri. Ahadi ni deni, lakini sharti umjue anayedaiwa.