Daftari la Mchango wa Maafa

Leo tutazungumza habari za mtu anayejitolea kukusanya fedha kwa ajili ya watu waliopatwa na maafa. Mwalimu, uwe na chaki karibu.

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, ardhi ilitetemeka mkoani Kagera. Ukubwa wa tetemeko ulipimwa ukaonekana kuwa 5.9. Watu zaidi ya 15 walikufa, na nyumba nyingi sana zilibomoka au kupasuka kuta. Michango ikaanza kumiminika. Lakini kabla mwezi haujaisha, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa maofisa wawili wa huko, waliotuhumiwa kufungua akaunti nyingine ya benki yenye jina kama lile la akaunti ya maafa. Hebu fikiri: mtu ametoa shilingi yake, naye hajui imeingia akaunti ipi.

Jambo jingine lilitokea Januari 2017. Rais alisema kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Majengo ya umma yalitengenezwa, na shule ya sekondari ya Ihungo ikajengwa upya. Kujenga shule ni kazi njema, hapana ubishi. Lakini aliyetoa akidhani ananunua bati la nyumba ya mjane, yeye alikuwa na nia nyingine. Kwa hiyo mchangishaji yampasa aseme tangu siku ya kwanza fedha ni za kitu gani.

Sasa turudi kwetu pwani. Tuseme, kwa mfano tu, upepo na mvua vimeangusha nyumba katika kijiji jirani, na mama mmoja wa Ushongo amejitolea kuwachangishia wenzake mabati na misumari. Kwanza anakwenda kwa Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji, awaeleze. Kisha ananunua daftari moja, analipiga mistari, na juu anaandika: Tarehe, Jina, Kiasi, Sahihi. Asiyeweza kutia sahihi ataweka alama ya dole gumba. Nanyi mnaosoma sasa, bila shaka mtapenda kuandika majina yenu wenyewe.

Asubuhi anakwenda dikoni vyombo vinaporudi. Hapo pana jambo la kuangaliwa sana, maana mvuvi huenda hana fedha mkononi, akatoa samaki. Samaki hawekwi. Auzwe mnadani saa ile ile, mbele ya watu, na bei iliyopatikana iandikwe mbele ya jina la mvuvi. Mchango wa simu nao uingie katika namba moja tu, iliyotangazwa kijijini, kisha uandikwe daftarini kama mwingine.

Wako watakaomwambia, “Mama, sisi twakuamini, ya nini kuandika?” Maneno hayo ni ya heshima, lakini asiyafuate. Siku fitina itakapozuka, na katika mambo ya fedha haichelewi, daftari ndilo litakalomtetea. Jioni fedha zihesabiwe na watu wawili, na jumla isomwe kwa sauti mahali pa watu wengi. Nauli pia iandikwe. Mchangishaji anayeficha nauli ya halali atashukiwa hata kwa yale asiyoyafanya.

Mabati yakisha kununuliwa, risiti ya duka ibandikwe ndani ya daftari, na kila aliyepokea atie sahihi: fulani, mabati kadha wa kadha.

Mwalimu, andika ubaoni. Fedha taslimu shilingi 64,000. Samaki waliouzwa mnadani shilingi 22,500. Nauli ya kwenda Pangani mjini na kurudi shilingi 7,000. Wanafunzi, pigeni hesabu: zimebaki shilingi ngapi za kununulia mabati? Kila mmoja aandike jibu, atie tarehe na sahihi yake chini.