Wafo Bila Ngano: Chuma Kinapofanya Kazi ya Gluteni

Kanda donge la unga wa ngano na maji, liache nusu saa, kisha lioshe polepole chini ya bomba. Maji yatatoka meupe kwa sababu wanga unaondoka. Endelea kuosha mpaka yatoke safi, na kiganjani utabaki na kitu cha kijivu, chenye kunata, kinachovutika bila kukatika. Hiyo ndiyo gluteni. Mwitaliano Jacopo Bartolomeo Beccari aliitenga kwa njia hiyohiyo mjini Bologna, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1745.

Ukifungua pakiti ya unga, gluteni hujaikuta bado. Zimo protini mbili, gliadini na glutenini, ambazo hushikana zikishapata maji, na kadiri unavyokanda ndivyo zinavyojifuma kuwa wavu. Wavu huo hunasa hewa inayotolewa na hamira, mkate ukaumuka. Huo pia ndio unaoiruhusu chapati kusukumwa ikawa nyembamba isichanike. Mchele, mahindi, muhogo, mtama, uwele na ulezi havina wavu huo. Anayebisha asukume chapati ya unga wa mchele mtupu.

Ajabu ni kwamba wafo, ile mikate bapa yenye vishimo vya mraba inayouzwa siku hizi hotelini na kwenye maduka ya aiskrimu, hupikwa kwa ngano ilhali haiihitaji hata kidogo. Rojo lake halikandwi. Wapishi wenyewe wa Ulaya na Marekani huonya kwamba ukilikoroga mno, gluteni itajifuma na wafo itakuwa ngumu kutafuna. Yaani wanaitia ngano, kisha wanapigana nayo! Kwa maoni yangu, ngano imo humo kwa mazoea tu.

Umbo la wafo linashikwa na chuma. Tangu zama za kati, watu wa Ulaya walikuwa wakimimina rojo kati ya mabamba mawili ya chuma yenye mipini mirefu na kuyashika juu ya moto. Waholanzi waliuvusha upishi huo hadi Marekani, na tarehe 24 Agosti 1869 Cornelius Swartwout wa Troy, jimbo la New York, akapata hataza ya chuma cha wafo cha kuweka juu ya jiko, ambacho kingeweza kugeuzwa bila mpishi kuungua. Chuma hicho hakichagui unachokimiminia. Mwaka 1971 Bill Bowerman, kocha wa riadha wa Oregon na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Nike, alimimina plastiki ya majimaji iitwayo urethani kwenye chuma cha wafo cha mkewe akitafuta soli ya viatu vya kukimbilia. Alisahau kukipaka kitu cha kuzuia kunata, mabamba yakagandana moja kwa moja. Soli aliipata baadaye, ila chuma cha mama hakikupika tena.

Watu wa pwani yetu hawahitaji kuhubiriwa jambo hili. Vitumbua hupikwa kwa mchele uliolowekwa na kusagwa, tui, hamira, sukari na iliki, na huiva vikiwa vya mviringo kwa sababu kikaango chake kina vishimo vya mviringo. Hakuna gluteni, na hakuna aliyewahi kuiulizia. Kwa hiyo anayejua rojo la vitumbua ameshafika nusu ya safari ya wafo.

Mbona basi mtu aikimbie ngano? Wengi wanaikimbia kwa kufuata mkumbo, lakini wapo wasio na hiari. Kwa mgonjwa wa siliaki, gluteni huuchochea mfumo wa kinga ushambulie utumbo mwembamba, na vile vinyweleo vinavyofyonza lishe vikalala. Inakadiriwa kuwa karibu mtu mmoja kati ya 100 duniani ana ugonjwa huu. Aliyefichua kisababishi chake ni Mholanzi, Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto aliyeanza kuishuku ngano katika miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 njaa iliikumba Uholanzi iliyokuwa chini ya Wajerumani, mkate ukaadimika. Watoto wenye siliaki wakapata nafuu katikati ya njaa hiyo. Mkate uliporejea, ugonjwa nao ukarejea. Dicke aliandika tasnifu yake mwaka 1950, na dawa aliyoionyesha ingali ileile: kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote.

Nyumbani, anza na gramu 150 za unga laini wa mchele na gramu 50 za wanga wa muhogo au wa mahindi. Mchele huleta ukavu wa kukatika mdomoni, wanga huzuia wafo isimomonyoke. Tia vijiko viwili vya chai vya beking pauda, chumvi kidogo, vijiko viwili vikubwa vya sukari na iliki. Pembeni piga mayai mawili na mililita 250 za maziwa au tui jepesi pamoja na vijiko vinne vikubwa vya mafuta, kisha changanya vyote. Hapa koroga utakavyo, maana hakuna gluteni ya kukasirika. Mayai ndiyo yanayochukua nafasi yake: protini yake hukaza kwa joto na kuzishikilia chembe za wanga zilizovimba.

Usikimbilie jikoni. Unga wa mchele hunywa maji polepole, na rojo lisilopumzika hutoa wafo yenye chengachenga. Liache dakika 30, na likizidi kuwa zito ongeza maziwa kidogo. Chuma kipate moto kabisa, kipakwe mafuta (mkumbuke Bowerman), kisha mimina na ufunike. Mvuke mwingi utatoka ubavuni. Usifungue mpaka upungue, kwani mpaka hapo wafo haijajitegemea na itapasuka katikati. Rangi ya kahawia hutokea protini na sukari zinapokutana kwenye joto kali, na hilo haliwezekani maji yakiwa bado yanachemka juu ya ngozi yake. Ikiiva iweke juu ya wavu. Ukizipanga moja juu ya nyingine, zitalainishana kwa mvuke wake zenyewe.

Kama unampikia mgonjwa wa siliaki, unga wenyewe hautoshi. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano itauchafua mchele wako, na chuma cha wafo kilichozoea rojo la ngano huficha mabaki kwenye vishimo ambayo hakuna brashi itakayoyamaliza. Mgonjwa awe na chuma chake.

Zikibaki, usiziweke kwenye friji ya kawaida. Wanga wa mchele uliokwisha kuiva hukakamaa upesi zaidi kwenye ubaridi wa wastani kuliko ukigandishwa. Ziache zipoe, zifunge vizuri, zitie kwenye friza, na ukizitaka zirudishe ndani ya chuma kilekile zingali barafu.