Karatasi ya Wazee wa Kanisa Baada ya Talaka: Ina Nguvu Gani?



Kuna swali ambalo halikosi tunapotembelea vikundi. Mara nyingi huulizwa mwishoni, watu wakishaanza kukusanya viti. Mama anatoa karatasi iliyokunjwa na kusema, "Hii tuliandika mbele ya wazee wa kanisa tulipoachana. Sasa bwana amekataa kuifuata. Je, korti inaweza kumlazimisha?"

Jibu ni kwamba inategemea karatasi yenyewe inasema nini, na iliandikwa namna gani. Hebu tueleze.

Tuchukue mfano

Bwana na bibi waliooana kanisani wameamua kuachana. Wanaandikiana hivi: mama abaki na nyumba, baba alipe karo ya watoto, na ng'ombe wagawanywe. Mwisho wanaongeza, "Tukikosana tena, tutarudi kwa wazee wa kanisa, na watakaloamua ndilo la mwisho." Wote wanatia sahihi.

Mwaka unapita. Karo hailipwi. Wazee wanamwita baba, hafiki. Wanaamua bila yeye, naye anasema, "Hao si mahakimu." Sasa basi, nani ana haki?

Kupatanisha si kuamua

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Wazee wanaweza kupatanisha, yaani kuwasaidia ninyi wawili mfikie makubaliano yenu wenyewe. Au wanaweza kuamua, yaani mnawapa ruhusa wakate shauri nanyi mnakubali kufungwa na neno lao. Makaratasi mengi hayasemi ni lipi kati ya haya mawili. Hapo ndipo shida huanza.

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize njia hizi zote mbili, pamoja na njia za kimila. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inawaruhusu waliofunga ndoa ya Kikristo watafute upatanisho katika kanisa walikofungia ndoa. Lakini inasema wanaweza. Haisemi ni lazima. Na upatanisho huo si talaka. Ndoa ya Kikristo huvunjwa na mahakama peke yake. Kwa ndugu zetu Waislamu, iko mahakama ya kadhi, ambayo ni mahakama ya serikali. Hiyo pia husikiliza kesi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa huko.

Ikiwa mlikubaliana kwa maandishi kwamba wazee wataamua, Sheria ya Usuluhishi ya 1995 inaweza kuwagusa. Sheria hiyo inataka makubaliano yawe ya maandishi. Aliyeshinda hupeleka Mahakama Kuu uamuzi wa wazee pamoja na yale makubaliano, aombe utekelezwe. Asiyeridhika ana miezi 3 tangu apate uamuzi kuomba uondolewe. Anaweza kusema hakuarifiwa, hakupewa nafasi ya kujieleza, au wazee walivuka mipaka ya jambo walilopewa. Kwa hivyo yule baba akithibitisha hakuitwa ipasavyo, uamuzi unaweza kuanguka. Lakini kama aliitwa kwa barua na akakataa tu kwenda, hawezi kulalamika kwamba alinyimwa nafasi.

Mambo ambayo wazee hawawezi kuyamaliza

Hata karatasi iwe nzuri namna gani, kuna mambo iliyo na mipaka juu yake:

1. Watoto. Katiba inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumlea, wawe wameoana au hawakuoana. Mahakama inaweza kubadilisha mliyoandikiana kuhusu malezi ikiona mtoto anaumia.

2. Haki za msingi. Kifungu hicho cha 159 kinakataza njia za kimila kutumiwa kuvunja haki zilizo katika Katiba. Wazee wakisema, "Mwanamke hapati kitu kwa sababu ni mwanamke," neno hilo halitasimama. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi ya nyumbani, kulea watoto na kulima shamba kuwa mchango katika mali.

3. Kupigwa. Hilo ni kosa la jinai. Hakuna karatasi inayoweza kumzuia mtu kwenda polisi, au kuomba ulinzi chini ya Sheria ya 2015 dhidi ya Ukatili wa Nyumbani.

4. Jina kwenye hati ya shamba. Uamuzi wa wazee peke yake haubadilishi hati. Mahali ambapo ardhi ya kilimo iko chini ya bodi ya ardhi, kibali cha bodi kinahitajika.

Funzo kutoka Kanada

Huko Kanada, mume na mke Wayahudi waliandikiana walipotalikiana mwaka 1980. Mume aliahidi kwenda mbele ya marabi ampe mkewe talaka ya kidini, maana bila hiyo mke hawezi kuolewa tena kulingana na dini yao. Alikaa miaka 15 bila kuitoa. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua amlipe fidia ya dola 47,500. Mume alijitetea kwamba hilo ni jambo la dini, korti isiingilie. Mahakama ilisema hapana: ulitia sahihi kwa hiari, na aliyeumia ni mwenzako.

Angalieni vizuri. Mahakama haikumfundisha dini. Ilimdai ahadi yake. Kesi hiyo haiwafungi mahakimu wa Kenya, lakini inaonyesha kwamba ahadi iliyo wazi ina uzito, hata ikihusu dini.

Tufanye nini basi?

Mkifika mahali pa kuandikiana, tunawashauri hivi:

• Andikeni wazi kama wazee watapatanisha au wataamua, na ni kuhusu mambo gani.
• Tajeni ni wazee wangapi na watachaguliwa vipi. Mzee aliye ndugu wa upande mmoja asikae.
• Kila mmoja apewe muda wa kusoma na kuuliza wakili. Sahihi ya kulazimishwa si sahihi.
• Wazee waite pande zote kwa barua, wabaki na nakala, na waandike sababu za uamuzi wao.
• Lililo bora zaidi: kesi ya talaka ikiwa kortini, ombeni makubaliano yenu yaandikwe kuwa amri ya mahakama. Hapo atakayeyavunja atakuwa amevunja amri ya korti.

Asiye na pesa za wakili aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016.

Nanyi wazee wetu, kazi yenu ni kubwa. Familia nyingi huja kwenu kabla ya kufika kortini, kwa sababu mko karibu na hamdai ada. Lakini msimwambie mama, "Ukienda kortini umeasi kanisa." Mlango wa korti hauna kufuli ya kanisa.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Je, kuna mwanakikundi aliye na karatasi ya namna hii? Inasema wazee watapatanisha, au wataamua?
2. Katika baraza letu la wazee, kina mama ni wangapi?
3. Tunaweza kumwalika nani aje atueleze sheria hizi zaidi?