Kabla Dodoso Halijabisha Hodi Majengo

Saa nne asubuhi, Majengo, mjini Moshi. Kijana mwenye kishikwambi mkononi anapiga hodi kwenye nyumba yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Anapewa kigoda, anaeleza alichofuata, anaomba ridhaa, anaanza. Wanapofika swali la 11 anasoma kama lilivyoandikwa: "Je, katika miezi 12 iliyopita umetumia dawa za kienyeji?" Mama anajibu bila kusita: "Hapana baba, sisi hapa tukiugua tunakwenda hospitali." Kijana anagusa Hapana, anaendelea na swali la 12. Nyuma yao, kwenye jiko la mkaa, sufuria ya majani ya mwarobaini inatokota kwa ajili ya homa ya mjukuu.

Mfano huu nimeutunga, ila kosa lililomo ni la kweli, na kila aliyewahi kukusanya data mitaani analijua. Mama hakudanganya. Kwake yeye, dawa za kienyeji ni mambo ya mganga na tunguri. Majani ya mti ulioko uani ni majani tu. Aliyekosea ni yule aliyeandika swali akiwa ofisini, akadhani neno lake na neno la mama lina maana moja. Na kosa la namna hii haliponi kwa kuongeza idadi ya watu. Ukiwauliza watu 5,000 swali bovu, utapata jibu bovu lenye desimali.

Wataalamu wanatofautisha mikabala miwili. Wa kiidadi huuliza ni wangapi, mara ngapi, kwa kiasi gani. Wa kimaelezo huuliza kwa nini, kwa namna gani, na wenyewe wanaliitaje jambo hilo. Ukiiunganisha unapata utafiti mseto, neno ambalo Mtanzania aliyewahi kumeza dawa mseto ya malaria atalielewa upesi: artemetha hupunguza vimelea haraka, lumefantrini hubaki damuni siku kadhaa kumalizia vilivyosalia. Kila moja inafanya kazi ambayo nyenzake haiwezi. Swali gumu kwa mpangaji wa utafiti ni lipi litangulie, namba au mazungumzo.

Ukanda huu wa Kilimanjaro una mifano miwili mizuri, mmoja wa kila mpangilio.

Namba zilitangulia kwenye suala la homa. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania: kati ya wagonjwa 4,474 waliotibiwa malaria kali, waliokutwa na vimelea kwenye damu ni asilimia 46.1. Baadaye, kati ya 2007 na 2008, timu ya John Crump ilichunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi. Asilimia 60.7 walidhaniwa kuwa na malaria. Waliothibitika kuwa nayo ni asilimia 1.6. Wengine walikuwa na magonjwa ambayo hayakuwa akilini mwa mtu: leptospirosisi, homa ya Q, brusela, chikungunya.

Rudia kuisoma hiyo tofauti ya 60.7 na 1.6. Mtoto anatibiwa malaria huku bakteria wakiendelea na kazi yao. Hata hivyo, namba hizo hazisemi kwa nini daktari anaandika dawa ya malaria wakati karatasi ya maabara iliyo mbele yake inasema hakuna vimelea. Angeulizwa kwa dodoso, angejibu kama mwongozo wa wizara unavyotaka, kwa sababu mwongozo anaujua vizuri.

Clare Chandler na wenzake walichagua kukaa na kutazama. Katika hospitali mbili za ukanda huohuo, miezi mitatu kwa kila moja, waliwafuatilia matabibu 34 wakiwaona wagonjwa, kisha wakazungumza nao mmoja mmoja. Matokeo yao ya 2008 yalitaja mambo manne: mafunzo ya chuoni yaliyomzoesha tabibu kuanza na malaria, desturi za wenzake kazini, shinikizo la kile anachodhani mgonjwa anakitaka, na shaka juu ya ubora wa maabara. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibika kwa kubandika mwongozo mpya ukutani. Ndiyo maana jaribio lililofuata, katika vituo 36, liliwakusanya wahudumu kwenye vikundi vidogo vya wao kwa wao, na baadhi ya vituo vikapewa vipeperushi vya kuzungumza na mgonjwa mwenyewe. Hapo mazungumzo yalizaa tiba ya tatizo lililoibuliwa na namba.

Kwenye dawa za asili mpangilio uligeuzwa. Kati ya Desemba 2013 na Juni 2014, John Stanifer na wenzake wa hapa Moshi na Marekani walianza na majadiliano ya vikundi 5 na mahojiano ya kina 27. Kutokana na yaliyosemwa ndipo walipoandika dodoso, wakalipeleka kwa watu wazima 655 waliochaguliwa kwa bahati nasibu mkoani Kilimanjaro. Asilimia 56 walikiri kutumia dawa za asili katika mwaka uliotangulia. Sidhani kama dodoso lililoandikwa mezani lingefungua midomo kiasi hicho.

Watu hushangaa kwa nini 27 watoshe upande mmoja na upande mwingine watakiwe 655. Mahojiano ya kina hayatafuti asilimia. Unaendelea kuuliza mpaka mazungumzo yashibe, yaani msimulizi mpya anarudia yale uliyokwisha kuyasikia. Dodoso linataka makadirio, na makadirio yana ukingo wa makosa: kwa sampuli nasibu sahili ya watu 655, jibu la karibu nusu linaweza kupotoka kwa takriban asilimia 4 juu au chini. Kwa watu 27 ukingo huo unakaribia asilimia 19. Kwa hiyo ukisoma ripoti inayosema "asilimia 63 ya waliohojiwa" kumbe ni watu 17 kati ya 27, iweke pembeni.

Kisha kuna suala la nani aulizwe, na hapa Majengo linahitaji macho. Ukihesabu nyumba badala ya kaya, ile nyumba ya vyumba sita yenye familia nne za wapangaji inageuka kuwa kaya moja, na anayesemea wote ni mwenye nyumba. Kule juu mlimani hali ni nyingine: kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo, nyumba tatu za baba na wanawe, na huenda wanapika chungu kimoja. Ukienda saa nne asubuhi utawakuta wazee na wenye watoto wachanga. Wenye biashara wako sokoni Mbuyuni, na usiporudi jioni hawatakuwamo kwenye takwimu zako.

Mji na mlima pia havichanganywi ovyo. Utafiti wa figo wa timu hiyohiyo ya Stanifer, uliochapishwa 2015, ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 15.2 ya watu wazima wa mjini na asilimia 2.0 ya wa vijijini. Wastani wake ni asilimia 7, namba isiyo ya mjini wala ya mlimani. Anayepanga huduma kwa kutazama wastani huo peke yake atawapunja watu wa mjini.

Katika utafiti wa dawa za asili kuna hatua moja ninayotamani kila mwanafunzi wa uzamili aione. Maandishi ya mahojiano yalisomwa na mwenyeji wa utamaduni huu na mgeni pia, kila mmoja akitia alama mada anazoziona, kisha wakalinganisha. Chukua sentensi ambayo tunaisikia kila siku: "Nilikwenda hospitali wakasema hakuna kitu." Mgeni ataandika pembeni: kipimo hakikuonyesha ugonjwa. Mwenyeji atasikia malalamiko: nilikwenda na homa yangu, nikarudi nayo, na hakuna aliyeniambia ni nini. Baada ya hapo huhitaji kuuliza sana kwa nini sufuria ya mwarobaini iko jikoni, wala kwa nini tabibu anaona aibu kumrudisha mgonjwa nyumbani bila dawa ya malaria.