Hakuna Jibu Litakalomridhisha

Wazazi huniuliza kabla hata hawajakaa vizuri kwenye kiti: "Daktari, nimwambie nini ili aridhike?" Mtoto wao ana OCD, ugonjwa wa fikra zinazomng'ang'ania na vitendo anavyovirudia ili atulie. Kutwa anauliza kama mikono yake ni safi, kama mlango umefungwa, kama fikra mbaya iliyompitia kuhusu mdogo wake ina maana kwamba atamdhuru. Mzazi amejibu kwa upole, amejibu kwa ukali, ameapa kwa jina la Mungu, na sasa anataka nimpe maneno yenye nguvu zaidi. Sina maneno hayo, wala hakuna mwenye nayo. Na kila siku mnayoyatafuta, ugonjwa unazidi kukita mizizi.

Imani kwamba mtoto huyu hajahakikishiwa vya kutosha inamdhuru kuliko hata kombe na maji ya upako anayopewa ili apone. Vile hunywewa siku moja moja. Huku kuhakikishiwa anapewa asubuhi, mchana na usiku, tena na watu wanaompenda.

Tazama mambo yanavyokwenda. Mvulana wa miaka 13 anatawadha kwa ajili ya sala ya alfajiri. Ameosha mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko, akashuku kama maji yamefika kote, akaanza upya tangu kusukutua. Mama yuko mlangoni, kanga begani. "Umeshatawadha, mwanangu, nimekuona." Mvulana anatulia kidogo. Kisha: "Umeniona vizuri, mama? Hata kiwiko?" "Hata kiwiko." "Lakini taa ilikuwa hafifu." Ndoo ya pili inakwisha, jua linachomoza, sala ya alfajiri imempita, naye analia.

Mtoto huyu hakupungukiwa na habari. Muulize kanuni za udhu, atakufundisha wewe. Shaka yake ni kengele ya hatari inayolia ndani ya ubongo pasipo hatari yoyote. Jibu la mama linaizima kwa dakika chache, na katika dakika hizo ubongo unajifunza mambo mawili: kwamba hatari ilikuwapo kweli, na kwamba aliyeiondoa ni mama. Kesho atamhitaji mama zaidi. Ndiyo maana jibu lililotosha mwaka jana leo halitoshi, na mtoto anadai kiapo, kisha kiapo kirudiwe kwa sauti ile ile.

Baada ya muda nyumba nzima inautumikia ugonjwa. Baba anafungua na kufunga komeo mbele yake ili aone. Dada hakai tena kwenye kiti fulani. Bibi ananawa upya kabla ya kumpakulia chakula. Visu vimefichwa juu ya kabati, na hilo la visu ndilo linaloniuma kuliko yote. Msichana tuliyempima na kuona ana OCD, anayetetemeka kwa kuogopa kwamba atamchoma mdogo wake, anateswa na fikra hiyo kwa sababu hataki kabisa kumdhuru. Mkificha visu, wakubwa wake wote mmemthibitishia kuwa yeye ni hatari.

Suala hili la shaka, wanazuoni wa fikihi walilimaliza zamani kwa upande wao: yakini haiondolewi na shaka. Sheikh anayempa mvulana hukumu hiyo mara moja, kisha akakataa kuirudia, ni mwenzangu katika tiba. Anayepokea simu ya mtoto kila jioni na kumjibu upya kwa subira anaulisha ugonjwa, hata akiwa na nia njema kiasi gani. Padri anayesikiliza ungamo lile lile kila siku, vilevile.

Sasa nisisikie mtu akisema nimeruhusu fimbo. Viboko vinaongeza hofu, na mtoto mwenye hofu zaidi atanawa zaidi, ila sasa atajificha.

Basi mfanye nini? Chagueni saa ya utulivu, si katikati ya kilio. Mwambieni kwamba mmeelewa anateseka, na kwamba kuanzia sasa swali fulani, moja tu kwa kuanzia, halitajibiwa. Likija, semeni: "Naona hofu imekubana. Najua utaiweza. Swali hilo silijibu." Kisha nyamazeni, mkae naye. Atapiga kelele siku za mwanzo. Shikilieni, nyote, pamoja na bibi na dada wa kazi.

Tiba yenyewe ni kumkabilisha mtoto na anachokiogopa, hatua kwa hatua, bila kufanya kile kitendo cha kujituliza. Anashika kitasa, hanawi, na hofu inapungua, au anajifunza kwamba anaweza kukaa nayo. Victor Meyer alichapisha matokeo ya njia hii huko London mwaka 1966. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2004, wenye watoto 112 wa miaka 7 hadi 17, ulionyesha kwamba kati ya waliopata tiba hii pamoja na dawa ya sertraline, zaidi ya nusu walikuwa karibu hawana dalili baada ya wiki 12. Waliopewa vidonge visivyo na dawa hawakufika hata 4 kwa 100. Dawa nyingine ni fluoxetine, fluvoxamine na clomipramine. Huchukua wiki nyingi kufanya kazi, kwa hiyo msiziache wiki ya tatu, wala msizikatize ghafla. Wiki za mwanzo mwangalieni kwa karibu. Akitaja kujiua, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Valium, dawa ya kutuliza, haitibu OCD.

Mkipata mtaalamu, muulizeni mapema: "Utamkabilisha mwanetu na hofu yake, na sisi wazazi utatufundisha kutomhakikishia?" Akijibu kwamba kazi yake ni kumtuliza tu, shukuruni, mtafute mwingine.