Mtu Asiyetikisika

Wapo watu ambao, ije furaha au uje msiba, sura zao hubaki zile zile. Wengine huwaita wakavu, wengine huwaita jasiri. Sisi twaona majina yote mawili hutolewa upesi mno.

Asafiriye kutoka Makambako, pale barabara ya Songea inapochepuka kutoka ile iendayo Zambia, huwakuta watu wa namna hiyo hata kabla ya kufika Njombe. Usiku wa Juni na Julai umande huganda na kuunguza mazao vinyunguni. Asubuhi mwenye shamba huitikia "kamwene" kwa sauti ile ile ya jana, kisha hushika jembe. Apandaye miwati hungoja miaka minane, hata kumi, kabla ya kubandua magamba. Moyo wake wahisi vizuri sana. Umejifunza tu kutotumia kwa kelele nguvu zinazohitajiwa na kazi.

Hata hivyo, utulivu huo una mahali unapodhuru. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani Njombe waishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, ilhali wastani wa nchi ni asilimia 4.4. Mume akipimwa na kujua, akarudi nyumbani, akala, akalala bila neno, tutausifu ustahimilivu wake? Labda adhani amemwepusha mkewe na huzuni. Kwa kweli amemnyima habari iliyo haki yake, na nafasi ya kupimwa mapema.

Ayubu, ambaye kila mtu humtaja kwa subira, alikaa kimya na rafiki zake siku saba, mchana na usiku. Baadaye alifumbua kinywa, akalia kwa uchungu. Hatujapata kusikia mtu akimwita dhaifu kwa sababu hiyo.

Basi mume huyo akiisha kusema, utulivu wake wapata kazi yake halisi. Dawa za kufubaza virusi, zitolewazo bure nchini tangu 2004, hutakiwa kila siku, saa ile ile, maisha yote, mwili uwe mzima au mchovu. Mwepesi wa hisia huanza kwa ari, akaacha apatapo nafuu. Yule aliyeingoja miwati humeza kidonge chake saa mbili usiku, hufunga kopo, akalala.