Jumanne Tunanyoa Globe

Mi ni kinyozi wa Huruma, na hii stori ni ya wale mafamilia wanalala hapo raundi ya Globe, tao Nairobi, wenye unawaruka ukikimbilia mat.

Tulianza na dishi. Mbogi ya watu watano tulichanga doo wiki mbili, mathe wa beshte yangu akatupikia githeri sufuria nzima, tukatokea tao Jumapili na mori ya kufa mtu. Dakika 10 dishi imeisha. Wenye walidishi ni wale mabigi. Watoi walibaki wakikwaruza sufuria na vidole.

Mathe mmoja mwenye amekaa hio besi kitambo akanivuta kando. "Kijana wangu, Jumapili sisi hushiba. Makanisa zote hukuja Jumapili. Jumanne ndio kunakuwanga ngori." Akanishow pia besi haiingiliwi ovyo, unabonga kwanza na mwenyewe, yeye ndio anapanga laini.

Nikamuuliza wanadai nini. Nilijua atasema munde. Akainua kofia ya mtoi wake: mapunye kila mahali, amejikuna mpaka damu.

Sasa hio si ni kazi yangu ya kila siku?

Ndio maana kila Jumanne saa nne tuko hapo. Mashine ya kuchaji, spiriti, mitungi tatu za maji, sabuni. Kila kichwa ikiisha lazima mashine ipigwe spiriti, juu mapunye hushikana. Ukinyoa watano bila kusafisha umewagawia wote. Mwenye ameharibika sana tunampeleka dispensari, juu mapunye ya kichwa hudai dawa ya kumeza.

Kuna ka-morio kaa ka miaka 12 hivi. Kalikuja kameshika chupa ya gamu na meno. Sikukaambia katupe. Nilikashow tu kichwa haiwezi tulia na hio kitu ikiwa kwa mdomo. Kakaichomoa, kakaifunga na kitambaa, kakaniwekea kwa mfuko ya eproni, alafu kakashika magoti. Dakika 20. Nikimaliza kakaidai, na nikakarudishia. Lakini kabla kaende kalikuwa kamenishow jina yake, vile kalihepa kwao Nakuru, na vile yadi za skrapu huwanyonga kwa mizani wakipeleka chuma.

Na si hako peke yake: 2018 serikali ilihesabu watu wa mtaani ikapata 46,639 Kenya yote, na 15,337 walikuwa hapa Nai. Watoi kaa hako wanakuwa mabuda hapo hapo mtaani. Ukifika 18 bila cheti ya kuzaliwa, na huna mzazi wa kusimama na wewe kwa chifu, kipande utaiskia tu. Bila kipande husajili laini ya simu, na kanjo wakikubeba huna kitu ya kuwaonyesha. Alafu wasee wanadai chokosh hawezi omoka! 2003 serikali ya Kibaki ilitoa vijana kibao mtaani ikawapeleka NYS, wakafunzwa kazi. Kwa hivyo wasitudanganye haiwezekani.

Jumanne imepita tulipata laini ya watu 19. Betri ikazima nikimaliza wa 14. Wale watano walibaki nimewaandika majina kwa kabuku, na nimeomba betri ingine kwa kinyozi jirani. Hao ndio wataanza Jumanne ijayo.